Nyaya Mpya za Kamionete ya Samaki

Kamionete ya marehemu baba ilisimama miaka mingi kwenye kona ya kiwanja chetu cha Rwambuzi, pua yake ikiuelekea ukuta wa jirani kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Ni gari dogo la mizigo, lililoundwa Ulaya kabla sijazaliwa, lenye mashavu ya mviringo na taa mbili za mbele zilizotokeza kama macho ya mtu anayeshangaa. Usukani wake uko kulia, kwa kuwa baba alilinunua Uganda. Kwa gari hilo alisomba makayabo, samaki waliokaushwa kwa chumvi, kutoka Kasenyi, kando ya ziwa, hadi soko la Bunia, akipanda mlima wa Bogoro na shehena iliyozidi kimo cha kibanda cha dereva. Injini haikuwahi kumshinda. Kilichomshinda ni umeme. Taa ziliwaka zilipotaka, honi ililia pale alipokata kona, na kifuta mvua kilisimama katikati ya kioo mara mvua ilipoanza kunyesha kwa dhati. Alipofariki tuliiegesha kamionete hapo ukutani, na hakuna aliyeigusa.

Mimi ni mwalimu wa Kilatini na historia ya lugha, masomo niliyoyafuata Ulaya. Kwa muda mrefu nilikuwa nimekusudia kuing'oa mitandao yote ya zamani ya nyaya katika gari hilo na kuweka mpya, ya namna inayotumika katika magari ya leo. Nilikuwa nimesoma michoro kwa subira, na fundi wa magari wa barabara yetu, jirani mnene mwenye kicheko cha karibu, alikuwa amekwisha kuiamsha injini. Lakini alikataa katakata kugusa waya hata mmoja. "Mimi ni mutu wa mafuta, Prof," aliniambia. "Courant ya umeme sitaki kuijua, na yeye asinijue." Basi kazi ikalala, kama zinavyolala kazi ambazo hazina siku ya mwisho.

Siku ya mwisho ililetwa na kaka yangu mkubwa. Alikuwa amekuja kula kwa mama, siku ya Jumapili baada ya misa, na alingoja mpaka mama amenawa mikono ndipo aseme.

"Jumamosi mutu wa vyuma anakuja," alisema. "Atakata ile gari na atabeba. Ile fasi nitajenga vyumba vya kupangisha."

"Ile gari ni ya baba," nilisema.

"Baba iko makaburini. Ile ni nyumba ya panya."

"Niko karibu kuweka nyaya mpya."

"Uko karibu tangu wakati gani? Mutoto wangu wa mwisho alizaliwa ukiwa karibu, sasa iko na ndevu."

Mama alisema, bila kumtazama yeyote, kwamba tusigombane juu ya meza yake. Kaka, ambaye ni mtu wa biashara na anapenda mambo yaliyo wazi, akasogeza sahani.

"Bon. Tusikilizane mbele ya mama. Kama Jumamosi ile gari inatoka mu kiwanja na nguvu yake yenyewe, taa zote zinawaka, na za kukata kona zinapiga vizuri, vile muzee alikuwa anaitosha inje, iko yako. Utaiweka fasi unapenda. Kama inatoka ya kusukumwa, hata na mukono moja, iko ya mutu wa vyuma. Na usilie."

"Silii."

"Ulilia siku waliuza ule ng'ombe mwekundu."

"Nilikuwa mutoto mudogo."

"Ulilia," alisema kaka, akasimama kuvaa kofia yake.

Ningepaswa kuingiwa na wasiwasi. Badala yake niliona mwili wote umechangamka, kama mtu aliyekwisha kufungasha safari na sasa anasikia kwamba gari linaondoka. Wiki moja tu, na kila nilichokuwa nimekisoma kingepata mwili.

Hapa kwetu Bunia mikono bora ya umeme haiko katika gereji. Iko juu ya mapaa. Kwa kuwa umeme wa mji huja na kwenda, kila mwenye uwezo ameweka sahani ya jua juu ya bati lake na betri chini ya kitanda, na kazi hiyo imezaa mafundi hodari. Fundi aliyekuwa ameshika mapaa ya mtaa wetu wakati huo alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti kubwa na majivuno makubwa zaidi, ambayo kusema kweli alistahili. Nilimkuta siku iliyofuata juu ya paa la jirani, amekaa kama mtu aliye barazani kwake.

"Fundi, habari ya kazi?"

"Muzuri, Prof. Usisimame hapo, koleo yangu inapenda kuanguka ku vichwa ya watu wa masomo."

Nilisogea. "Niko na kazi ya umeme. Lazima iishe mbele ya Jumamosi."

"Nyumba ya vyumba ngapi?"

"Si nyumba. Ni gari."

Alinitazama kutoka juu. "Iko na betri?"

"Iko nayo."

"Ya volti kumi na mbili?"

"Ndiyo."

"Na taa?"

"Taa, honi, kifuta mvua."

"Basi ni nyumba," alisema, akarudi kwenye skrubu zake. "Nyumba yenye kutembea. Kesho asubui niko kwako."

Alifika kweli, na sanduku la vifaa kichwani. Tulifungua ubao wa mbele wa gari, ule wenye saa ya mwendo, na nyuma yake tukakuta kiota cha panya kilichokwisha kuhamwa, kimesukwa kwa manyoya, majani makavu na vipande vya nyaya. Nyaya za asili za kamionete hazikuwa za plastiki. Zilifunikwa kwa uzi wa pamba uliofumwa, kila waya kwa rangi yake na kwa mstari mwembamba wa rangi ya pili, ili fundi aweze kuufuata kutoka mwanzo hadi mwisho bila kubahatisha. Ni mpangilio ambao mtu anaweza kuupenda kama anavyopenda sentensi iliyoundwa vizuri. Lakini pamba ile ilikuwa imekunywa maji ya chumvi ya makayabo kwa miaka yote ya kazi ya baba, na panya walikuwa wameitafuna kila mahali ambapo meno yangeweza kufika.

"Panya za Rwambuzi zilikula vizuri," alisema fundi, akiinua waya uliogugunwa. "Ilikosa fufu tu ya kula nayo."

Juu ya nyaya za asili zilikuwa zimelala nyaya za waganga wote waliowahi kuitibu kamionete: waya mwekundu wa nyumba, waya wa simu, waya wa taa ya baiskeli, kipande cha waya wa spika. Viungo vyake vilisokotwa kwa vidole na kufungwa kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli. Kadiri tulivyong'oa, ndivyo nilivyoanza kutofautisha mikono. Mmoja alisokota kushoto daima. Mwingine alikunja ncha mara mbili kabla ya kufunga. Wa tatu alifunga fundo lile lile ambalo wafugaji wetu hufungia ndama. Ni raha ambayo huipata mara chache nje ya maktaba: kuona, katika kitu kimoja, tabaka baada ya tabaka za watu ambao kila mmoja alidhani anasahihisha kosa la aliyemtangulia.

Mama alikuwa amekaa karibu yetu kwenye kiti chake kifupi, akifuma kwa sindano ya ndoano kitambaa cha meza, kazi anayoifanya bila kuitazama. Fundi alipochomoa waya mweupe wa nyuzi mbili zilizoshikana, mama alisimamisha sindano.

"Leta hapa."

Alipewa. Aliusugua kwa kidole gumba mpaka uchafu ukatoka.

"Hii ni waya ya radio yangu."

"Radio gani, mama?" niliuliza.

"Ile ya kahawia, ya wakati ulikuwa unatambaa. Baba yenu aliniambia panya ilikula waya. Nikatafuta paka. Nililisha paka mu hii nyumba mwaka na mwaka, sababu ya ile panya."

Fundi aliweka koleo chini, kwa sababu alikuwa anacheka kiasi cha kushindwa kuishika. "Mama, ile panya ilikuwa na permis ya kuendesha."

"Nitamuuliza siku tutakutana," alisema mama. Aliuzungusha waya ule kwenye vidole vyake, akauweka katika mfuko wa gauni, na akaendelea kufuma.

Tulipomaliza kung'oa, gari lilibaki tupu kama nyumba iliyohamwa, na ndipo ilipoanza furaha yenyewe. Sanduku la fyuzi tulilipata katika basi dogo la Kijapani lililokuwa likivunjwa karibu na soko. Gari la baba lilikuwa na fyuzi mbili tu kwa kila kitu, hata honi ikiharibika taa nazo zinazimika. Sanduku hili lilikuwa na nafasi ya kila taa na fyuzi yake. Katika basi lile lile tulichukua altaneta, chombo kinachozalisha umeme injini inapozunguka, na relei kadhaa. Relei ni swichi ndogo inayotii swichi nyingine. Katika mpango wa zamani, umeme wote wa taa za mbele ulipita ndani ya kitufe cha dereva, na kitufe kikachemka mpaka kikanuka. Katika mpango wa sasa kitufe hutuma amri tu, na relei iliyo karibu na betri ndiyo inayobeba mzigo. Nilimweleza mama jambo hili kwa kirefu. Alisikiliza vizuri, kisha akasema kwamba ndivyo wazazi wanavyotuma watoto, na kwamba haoni kwa nini ilibidi kulisoma Ulaya.

Nilitaka kila waya uwe na rangi yake, kama walivyopanga waundaji wa kwanza. Sokoni palikuwa na rangi mbili tu.

"Nyekundu inaenda, nyeusi inarudi," alisema fundi. "Rangi ingine ya nini? Unajenga gari ao unapamba kanisa?"

"Siku taa moja itazimika, utajua namna gani waya wake ni upi?"

"Nitavuta. Ule utacheza upande ya pili, ni ule."

Mama ndiye aliyetupatanisha. Alifungua kikapu chake cha nyuzi za kufumia na kutoa rangi ambazo hata majina yake sikuyajua. Akawa anafunga kwa vifundo vidogo, kwenye ncha mbili za kila waya, uzi wa rangi moja: manjano kwa taa ya mbele ya kulia, zambarau kwa honi, kijani cha maji kwa kifuta mvua, naye ndiye aliyeamua, kwa sababu alizozijua mwenyewe. Tulifunika vifundo kwa gundi iliyo wazi. Fundi alidai kwamba ni upuuzi, lakini niliona kwamba kuanzia hapo alikuwa akisema "lete ya zambarau" bila kusitasita.

Katikati ya wiki nilipotoka darasani nilikuta kazi imesonga mbele kupita matumaini yangu, na pia nilikuta kosa. Kila taa ilikuwa na nyaya mbili. Waya mwekundu ulitoka kwenye fyuzi kwenda kwenye taa, na mweusi ulitoka kwenye taa ukarudi safari yote mpaka kwenye betri.

"Fundi," nilisema, "mu gari hatuweke waya ya kurudi. Mwili wa gari ni chuma. Umeme unaenda mu waya na unarudi mu chuma. Nilikuchorea vile."

"Niliona. Nilizani ulisahau."

"Sikusahau."

"Nyumba gani inarudisha courant mu bati, Prof? Unataka watu wakufe?"

Fundi wa magari, ambaye hakuwa na haja na umeme, alikuwa amesikia mabishano kutoka gerejini kwake na sasa alisimama langoni, akifuta mikono. Jambo kama hilo hangeweza kuliacha lipite.

"Dada wa mapaa," alisema, "unamaliza waya ya Prof bure. Gari yote ni waya ya kurudi. Hata mutoto wa gereji anajua."

"Weye si ulisema uko mutu wa mafuta?"

"Hata mafuta inajua ile."

Alikuwa upande wangu, na michoro yote ya dunia ilikuwa upande wetu. Niliomba tujaribu. Tulichukua globu ya zamani ya taa ya mbele, tukaishika nyuma ya gari, waya mwekundu upande mmoja, na upande wa pili fundi wa magari akaugandamiza kwenye mwili wa gari kwa kisu chake, pale alipokwangua rangi mpaka chuma kikang'aa. Globu iliwaka nyekundu, hafifu, kama kaa linalozimika katika mbabula, jiko la makaa. Alikwangua zaidi. Ikapata nguvu kidogo, ikafifia tena. Kisha fundi wa mapaa akauweka waya wake mweusi mahali pa kisu. Mwanga mweupe ukapiga ukuta wa jirani, na kuku waliokuwa wamelala kivulini wakaondoka.

Fundi wa magari alishusha kisu chake. Fundi wa mapaa mwenyewe aliitazama globu kwa mashaka.

"Lakini mulisema chuma ni waya," alisema.

Nilivua koti, nikalala chali juu ya gunia, nikajisukuma chini ya gari na tochi. Nilichokiona huko bado kinanichangamsha ninapokiandika. Sanduku la mizigo linaungana na fremu ya gari kwa bolti nene. Katika kila bolti, kati ya chuma na chuma, palikuwa na ukoko mweupe ulioelekea kijani, na chuma cha pembeni kilibanduka kwa tabaka kama chapati. Maji ya makayabo yalikuwa yamedondoka hapo kutoka Kasenyi hadi Bunia, wiki baada ya wiki. Nilitoka, nikafungua boneti, nikaangalia mashavu ya mbele. Hali ilikuwa ile ile, kwa kuwa baba alifunga magunia hata juu ya kibanda, na chumvi ilishuka kwa nguzo za kioo mpaka huko. Sehemu za gari hazikuwa zikigusana tena. Zilikaa pamoja kwa mazoea tu.

Basi maradhi yote ya miaka ile hayakuwa katika nyaya za kwenda. Yalikuwa katika njia ya kurudi. Kila mganga aliyeitwa, taa ilipofifia, aliongeza waya wa kuupeleka umeme mbele, na mwingine akaongeza juu ya ule, na hakuna aliyejiuliza unarudi kwa njia gani, kwa sababu kila mtu wa gari anajua kwamba unarudi kwa chuma. Ilibidi aje mtu asiyejua gari ni nini, aliyezoea nyumba tu, ndipo njia ya kurudi itengenezwe. Niliwaeleza haya nikiwa nimesimama na mavumbi mgongoni, na nadhani nilizungumza haraka kuliko ninavyozungumza kwa kawaida.

"Nilijua," alisema fundi.

"Haukujua," nilisema.

"Sikujua. Lakini nilifanya."

Fundi wa magari aliinama akaangalia ukoko ule, akaugusa, akaonja kidole chake. "Makayabo," alisema kwa heshima.

"Sasa radio yangu alikata bure," alisema mama kutoka kwenye kiti chake.

Tuliongeza waya mnene mweusi kutoka kwenye injini mpaka kwenye betri, ili hata kiwashio kisitegemee fremu, na siku zilizosalia zilipita kama maji. Nilikuwa nikifika darasani nikiwa na gundi kwenye vidole. Ijumaa, jua likiwa bado juu, tulifunga globu mpya za LED kila mahali, zinazokula umeme kidogo na kutoa mwanga mkali, na taa zikawaka zote.

Jumamosi asubuhi ni salongo, kazi ya usafi wa pamoja, na maduka na magari husubiri mpaka mifereji imezibuliwa. Mtu wa vyuma alifika mara baada ya hapo na lori, chupa zake za gesi ya kukatia zimesimama nyuma. Alikuwa mzee mpole. Mama alimpa chai, naye akakaa juu ya beseni lililogeuzwa, akisema kwamba yeye hana haraka, chuma hakiozi kwa siku moja. Kaka alifika na shati jeupe. Majirani wachache walikuwa langoni na majembe yao ya salongo bado mikononi.

Nilizungusha ufunguo. Injini iliitika mara ya kwanza. Kaka alizunguka gari polepole kama mtu wa forodha.

"Kubwa," alisema. Taa za mbele zikawaka. "Ndogo." Zikawaka. "Honi." Ililia, na mtoto wa jirani akaanza kulia pia. "Kanyaga breki." Nyuma pakawa pekundu. "Kifuta mvua." Kikaenda na kurudi bila kusimama katikati. Niliona kwamba kaka alikuwa akipunguza sauti kila anapotaja kitu, na sikujua kama ni hasira au ni jambo jingine.

"Kata kulia."

Taa ya ishara ya kulia ilianza kupiga, lakini ilipiga mbio mno, kama moyo wa ndege aliyeshikwa mkononi. Kushoto, hivyo hivyo. Ijumaa tulikuwa tumeangalia kama zinawaka. Hatukuwa tumeangalia zinapiga vipi.

"Hii taa iko na homa," alisema kaka. "Muzee hakukuwa anakata kona hivi. Nilisema zinapiga vizuri. Mama, nilisema?"

"Ulisema," alisema mama.

Mtu wa vyuma aliweka kikombe chini. Nililazimisha akili itembee kwa mwendo wake wa kawaida. Kifaa kinachopigisha taa hizo tulikichukua katika lile basi la Kijapani, na kilizoea globu za zamani, zenye njaa. Kikiona umeme unaoliwa ni mdogo, kinadhani globu imekufa, na kinapiga mbio ili kumwonya dereva. LED zetu zilikuwa zikila kidogo mno.

"Fundi," nilisema, "turudishe globu za zamani mu taa za kona. Zote ine, mbele na nyuma."

"Zile nzuri niziondoe?"

"Uziondoe."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa avunje kazi ya mikono yake, kisha akatumbukia katika kopo la vitu vilivyong'olewa. Fundi wa magari alipiga magoti upande wa pili na bisibisi, yeye mtu wa mafuta, na wakashindana nani atamaliza kwanza huku wakitukanana taratibu. Ya mwisho ilipoingia, nilibonyeza tena. Taa ikawaka, ikatulia, ikazimika, ikawaka, kwa mwendo wa mtu anayetembea kwenda kanisani.

Kaka alisikiliza mlio wake mdogo kwa muda. "Njo vile muzee alikuwa anakata," alisema. "Sasa itoke."

Gari lilikuwa limeelekea ukutani, kwa hiyo lilipaswa kutoka kinyumenyume. Mama alifungua mlango wa abiria, akapanda bila kuomba ruhusa, akakusanya gauni lake. Niliingiza gia na kuachia klachi. Gari lilitetemeka, likabaki pale pale. Magurudumu, kwa miaka ile yote, yalikuwa yamezama katika udongo na kujichimbia mabakuli. Majirani wawili walitupa majembe na kukimbilia mbele ya gari.

"Mutu asiguse," alisema kaka. "Hata mukono moja."

Walitoka hapo, viganja vyao vikiwa hewani. Niliongeza mafuta. Tairi moja ikazunguka bure, ikarusha udongo kwenye ukuta wa jirani. Mtu wa vyuma alikuwa amesimama sasa.

"Baba yenu alikuwa anaichezesha," alisema mama, akitazama mbele kwa utulivu. "Mbele kidogo, nyuma kidogo. Kama mutu anatikisa mutoto alale."

Mbele kidogo, nyuma kidogo. Mbele, kioo kikaukaribia ukuta kiasi cha mimi kuhesabu matofali. Nyuma. Kila mara tulipanda ukingo wa bakuli kidogo zaidi, na injini ikibadilisha sauti, na taa zile hazikufifia hata kidogo, na jambo hilo niliweza kuliona, hata katika hofu ile, juu ya matofali mbele yangu. Kisha gari likajinyanyua, likasita juu ya ukingo, na likashuka upande wa pili kwa kishindo kilichomrusha mama kutoka kitini. Tulitoka langoni kinyumenyume, kati ya watu waliokuwa wakikimbia kutupisha, mpaka katikati ya barabara. Nikakanyaga breki. Injini iliendelea kunguruma. Hakuna mtu aliyekuwa ametugusa.

Mama alikuwa akicheka, amejishika kifuani. Fundi wa mapaa alikuwa akimweleza kila jirani, kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili, kwamba ile ni nyumba aliyoiwekea magurudumu yeye.

Kaka hakutufuata mara moja. Nilimwona ndani ya kiwanja amesimama na mtu wa vyuma, wakiangalia pale lilipokuwa gari, mstatili mweusi wa mafuta na udongo uliopauka. Walizungumza. Alipima urefu kwa hatua zake, akageuka, akapima upana. Kisha akaja mpaka kwenye dirisha langu, akaegemea kwa viwiko, shati jeupe juu ya kutu.

"Haitazimika mu njia?"

"Haitazimika."

"Mu mulima?"

"Hata mu mulima."

Alitazama nyuma, kwenye sanduku la mizigo. "Inaweza kubeba mifuko ya sima ya kujengea?"

"Ilikuwa inabeba makayabo ya bwato nzima ya wavuvi," alisema mama. "Na kaka yenu juu, analala."

"Kaka yenu ni mimi, mama."

"Ni weye. Ulikuwa unanuka samaki mpaka Jumatatu."

Kaka alisimama wima, akajikung'uta viwiko. Alimwita mtu wa vyuma, akamwambia asiondoke na lori tupu. Kama ana vyuma vinyoofu vya kutilia zege, avishushe pale ukutani, Jumatatu msingi unachimbwa. Halafu akazunguka nyuma. Nilidhani anarudi nyumbani. Nilihisi gari likiinama kidogo, nikaona katika kioo shati jeupe likisimama ndani ya sanduku la mizigo, kwa kuwa kiti cha mbele kilikuwa cha mama.

"Munangoja nini sasa?" aliuliza kutoka juu. "Duka ya sima inafunga mapema. Twende."

Nilibonyeza ishara ya kulia. Alipiga paa la kibanda kwa kiganja, nami nikaachia klachi.